Mtoto wa Jicho na Maradhi Yaliyojificha Nyuma Yake

Ni jamaa chache katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba ambazo hazina mzee mmoja anayeishi katika ukungu. Mzee huyo hamtambui mjukuu wake mpaka aisikie sauti yake. Chai humiminiwa na mwengine. Msikitini huenda kwa kushikwa mkono. Wanawe husema kuwa huo ni uzee, na uzee hauna dawa. Hivyo ndivyo wengi wanavyoachwa gizani hali ya kuwa dawa ipo, nayo ni upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao ni miongoni mwa matibabu yenye manufaa makubwa kabisa kwa gharama ndogo yaliyopata kuvumbuliwa na binadamu.

Tunalizungumza jambo hili leo kwa sababu limeingiliwa na khofu. Yapo maneno yasemwayo barazani na sokoni kwamba fulani alipasuliwa jicho, akaona miaka miwili mitatu, kisha jicho likafa. Basi heri ukungu aliouleta Mwenyezi Mungu kuliko giza lililoletwa na kisu. Maneno hayo hayafai kubezwa. Wataalamu wenyewe, katika nchi zenye hospitali kubwa na vyombo vya kila namna, waliulizana swali lililo karibu sana na hilo kwa muda wa zaidi ya miaka 20: je, kumwondolea mzee mtoto wa jicho kunaweza kumharakishia maradhi mengine, yale ya kuchakaa kwa kiini cha retina? Mwananchi anastahili kulijua jibu lao, na serikali inastahili kujua jibu hilo linaidai nini.

Kwanza hapana budi tuyatenganishe maradhi haya mawili, maana aghalabu huchanganywa. Tulifananishe jicho na chumba chenye dirisha moja. Kioo cha dirisha hilo ni lenzi, na ukuta ulio mkabala nalo ni retina, yaani ule utando wa nyuma unaoupokea mwanga na kuupeleka habari zake kwenye ubongo. Mtoto wa jicho ni kioo kilichoingia ukungu. Mwanga haupiti sawasawa, rangi hufifia, taa za magari usiku hutawanyika. Ama kuchakaa kwa kiini cha retina ni maradhi ya ukutani. Katikati ya ukuta ule pana doa dogo lenye rangi ya manjano, ambalo madaktari huliita makula, na hapo ndipo tunaposomea, tunapotunga uzi katika sindano na tunapomtambua mtu kwa sura. Kwa baadhi ya watu mahali hapo huchakaa kadiri umri unavyozidi. Mgonjwa huendelea kuona pembeni, akaweza kutembea ndani ya nyumba bila ya kugonga mlango, lakini kila anachokikazia macho huwa na kiwingu katikati.

Maradhi hayo ya kiini yana sura mbili. Iko ya kavu, ambayo ndiyo ya wengi, nayo huenda polepole kwa miaka. Iko na ya majimaji, ambapo mishipa midogo isiyostahiki kuwepo huota chini ya retina na kuvuja, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusoma kwa muda wa wiki au miezi michache tu. Kwa hii ya pili, tangu mwaka 2006 kumekuwa na sindano mahsusi zinazodungwa ndani ya jicho kwa kurudiarudia, nazo zimewanusuru watu wengi. Lakini hazifai kitu mgonjwa akichelewa.

Kioo kilichoingia ukungu hakiponi kwa dawa ya matone, wala kwa dua pekee, wala kwa majani. Hubadilishwa. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas mjini London, daktari Harold Ridley alimtia mgonjwa lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameona kwamba marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya vioo vya ndege, vilivyokuwa vya plastiki, macho yao hayakuvikataa vipande vile. Wenzake wengi walimpinga. Leo lenzi ya aina hiyo huingizwa katika macho ya mamilioni ya watu kila mwaka, na katika nchi kama Nepal madaktari wamethibitisha kuwa upasuaji wa tundu dogo, usiohitaji mashine ya thamani kubwa wala kushonwa nyuzi, hutoa matokeo yanayokaribiana sana na yale ya mashine.

Sasa shaka ilitoka wapi? Ilitoka katika uchunguzi wa watu wengi kwa miaka mingi. Katika mji wa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, watafiti walianza kuwapima macho wakazi mnamo mwaka 1988 na wakawa wanawarudia kila baada ya muda. Huko Australia, katika eneo la Blue Mountains karibu na Sydney, uchunguzi kama huo ulianza mwaka 1992. Habari za pande zote mbili zilipounganishwa na kutangazwa mwaka 2003, ilionekana kuwa macho yaliyokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho yalipatwa na hatua mbaya za kuchakaa kwa kiini mara nyingi zaidi kuliko macho ambayo hayakupasuliwa. Sababu ilidhaniwa kuwa ni mwanga. Lenzi ya mzee huwa na umanjano unaozuia sehemu ya mwanga wa buluu. Ikiondolewa, retina iliyozoea kivuli huachwa juani. Wengine walidhani kuwa ni uvimbe mdogo unaofuatia upasuaji. Viwanda navyo vikaanza kutengeneza lenzi za rangi ya manjano.

Dhana hizo zilikuwa na mantiki, lakini mantiki peke yake haitoshi. Tuurudie mfano wetu wa chumba. Dirisha likiwa na ukungu, aliye nje hauoni ukuta. Daktari anayechungulia jicho lenye mtoto mzito hawezi kuiona retina vizuri, na kwa hiyo hawezi kujua kama kiini kilikuwa kimeanza kuchakaa kabla. Siku kioo kinapobadilishwa ndipo ukuta unapoonekana, na ufa uliokuwapo zamani huhesabiwa kuwa umeletwa na fundi wa dirisha. Tena maradhi haya mawili ni ya watu wa umri mmoja, na sigara huyachochea yote mawili. Mzee mwenye moja ana sababu nyingi za kuwa na la pili, apasuliwe asipasuliwe.

Ndipo watafiti wakatafuta njia iliyo bora zaidi. Nchini Marekani uchunguzi mkubwa wa maradhi ya macho ya uzee, uliowafuata watu zaidi ya 4,000 kwa miaka mingi huku retina zao zikipigwa picha kwa utaratibu, ulitoa taarifa mwaka 2009 kwamba haukuona athari ya wazi ya upasuaji katika kuharakisha maradhi ya kiini. Huko Australia wakafanya jambo la busara: wakawafuata wagonjwa waliopasuliwa jicho moja tu, wakalilinganisha jicho hilo na la pili la mtu yule yule, mwenye umri ule ule, sigara zile zile na asili ile ile. Katika taarifa yao ya mwaka 2012 macho hayo mawili hayakuachana kwa jambo la maana katika hatua mbaya za maradhi baada ya miaka 3. Mwaka 2022 wale wa Marekani wakatangaza tena habari za kundi jengine la wagonjwa ambao tayari walikuwa na dalili za maradhi ya kiini, na kwa mara nyengine haikuonekana kuwa upasuaji umewazidishia hatari.

Je, jambo limekwisha? Hatupendi kumwambia msomaji zaidi ya yale yaliyothibitika. Njia iliyo madhubuti kuliko zote ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, hawa wapasuliwe mara moja na hawa wangoje, kisha wapimwe. Mwaka 2017, wachunguzi waliokusanya majaribio ya namna hiyo ulimwenguni waliyakuta mawili tu, yenye jumla ya wagonjwa 114. Katika hayo, waliopasuliwa mapema walikuwa wanaona vizuri zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliokuwa wakingoja. Idadi hiyo ni ndogo mno kuweza kutoa hukumu ya miaka mingi mbele. Lakini ukiyakusanya yote, mizani imeinama upande mmoja: kwa mgonjwa wa kawaida aliyefunikwa na mtoto wa jicho, faida ya kupasuliwa ni ya yakini na ya karibu, na ile khofu ya kuharakishiwa kuchakaa kwa kiini haikupata ushahidi wa kuisimamisha. Ama zile lenzi za manjano, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 hayakupata uthibitisho kwamba zinakilinda kiini cha retina. Kwa hiyo asitokee mtu akawauzia wazee wetu kwa bei ya juu.

Yawezekana mtu akatuuliza: basi yule fulani wa barazani aliyeona miaka miwili kisha akapofuka, naye ni uongo? La, huenda ni kweli tupu. Baada ya upasuaji, ule utando mwembamba unaoishikilia lenzi mpya unaweza nao kuingia ukungu kwa miezi au miaka. Hilo huondolewa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila ya kisu. Yapo pia maradhi ya presha ya macho, ambayo huiba uoni pole pole na hayarudishi alichokiiba. Upo ugonjwa wa sukari, ambao huiharibu retina, na ambao mgonjwa wake asipopimwa kabla na baada ya upasuaji huweza kupata madhara. Na kuna hayo maradhi ya kiini tunayoyazungumza. Kila moja katika haya lina njia yake ya kutazamwa. Mzee yule hakuponzwa na kupasuliwa. Aliponzwa na kuachwa baada ya kupasuliwa, asiitwe tena na mtu wala asipimwe.

Wako wanaosema kuwa kuchakaa kwa kiini ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba huko ni mengi zaidi. Muhtasari wa tafiti za dunia uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kuwa kati ya watu wa umri wa miaka 45 hadi 85, wenye asili ya Ulaya wapatao 12 katika kila 100 wana maradhi hayo katika hatua moja au nyengine, na wenye asili ya Afrika wapatao 7 au 8. Lakini 7 katika 100 si sifuri. Na wazee wanaongezeka kadiri matibabu yanavyoboreka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Kila mmoja wao aliye kijana leo ni mzee wa kesho, inshaallah.

Tunapenda kuwakumbusha wananchi mambo machache yaliyo katika uwezo wao.

La kwanza ni jua. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake nchini Marekani. Ilionekana kuwa aliyepigwa na miale ya jua isiyoonekana kwa kiasi mara mbili ya mwenzake, hatari yake ya kupata aina moja ya mtoto wa jicho ilizidi kwa asilimia 60. Kwa upande wa kiini cha retina ushahidi wa jua haukuwa na nguvu kama huo. Hata hivyo, sisi ni watu wa bahari. Mvuvi wa Nungwi, mama wa Paje au Jambiani anayeinamia mwani wake katika maji yanayometameta, wote hupigwa na jua la juu na la chini kwa pamoja. Kofia pana ya ukili haina gharama kubwa, na miwani ya jua iliyo ya kweli si anasa ya watalii peke yao.

La pili ni sigara. Kwa mvutaji hatari ya kuchakaa kwa kiini huzidi mara mbili au zaidi, na mtoto wa jicho humjia mapema. Hakuna tone wala kidonge kitakachofuta hasara hiyo.

La tatu ni chakula. Wanaokula mara kwa mara samaki na mboga za majani ya kijani wameonekana kuugua kiini kwa uchache zaidi, na hapa kwetu mchicha, kisamvu na matembele havihitaji fedha za kigeni. Vidonge vya vitamini na zinki, ambavyo mwaka 2001 vilionekana kupunguza kwa kiasi cha robo hatari ya maradhi ya kiini kufikia hatua mbaya, ni kwa ajili ya wale waliokwisha kufika hatua ya kati, kwa ushauri wa daktari. Si kinga ya kila mtu, wala havimwondoi mtoto wa jicho.

La nne ni kujipima. Mwenye kupindukia miaka 50 alifumbe jicho moja, alitazame kwa jicho la pili kitu kilichonyooka, kama vile ukingo wa mlango, mlingoti wa ngalawa au mistari ya mkeka, kisha abadilishe. Akiona mstari umepinda au umekatika katikati, asingoje mwezi wala wiki. Aende hospitali, ijapokuwa alipasuliwa mwaka jana na akaambiwa kuwa amepona.

Na sasa tunawageukia viongozi na watendaji wa serikali, kwa heshima lakini bila ya kuzungushana.

Mnamo mwaka 2021 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 huduma ya upasuaji wa mtoto wa jicho iliyo na matokeo mazuri iongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Tafadhali yatazameni maneno hayo: yenye matokeo mazuri. Hesabu inayotakiwa ni ya watu wanaoona baada ya kisu. Shirika hilo liliwahi kuweka kipimo kwamba katika kila macho 100 yaliyopasuliwa, 80 au zaidi yaweze kuona kiwango cha 6/18 au bora kuliko hapo, na yasizidi 5 yanayobakia chini ya 6/60. Tunashauri kwamba kila hospitali na kila kambi ya macho, iwe ya wenyeji au ya wageni wanaokuja kutusaidia, iandike uoni wa mgonjwa kabla na baada, na taarifa hiyo ifike wizarani na kwa wananchi. Wageni tunawashukuru kwa dhati. Lakini ndege yao ikiondoka, jicho la mzee linabaki hapa.

Pili, retina itazamwe kabla ya kisu. Mgonjwa atiwe matone ya kuipanua mboni, na pale ambapo mtoto ni mzito mno, litazamwe jicho la pili na itumike mashine ya mawimbi ya sauti iliyopo. Anayekutwa na maradhi ya kiini ya majimaji atibiwe hayo kwanza. Anayekutwa na yale ya kavu aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya kutia saini au dole gumba, kwamba kioo kitasafishwa lakini ukuta utabaki kama ulivyo. Ahadi iliyopunguzwa ikawa ya kweli ni bora kuliko ahadi kubwa itakayogeuka kuwa uvumi barazani.

Tatu, ufuatiliaji umfuate mgonjwa alipo. Mzee wa Micheweni, wa Kojani au wa Tumbatu asitakiwe kuvuka bahari kwa kila kipimo kidogo. Muuguzi wa macho mwenye kibao cha herufi na kurunzi, akipangiwa siku maalumu katika kituo cha afya, anaweza kuwachuja walio salama na kuwapeleka mbele wenye shida. Tena wasisahauliwe akinamama. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo wanawake hupata upasuaji huu kwa uchache kuliko wanaume, kwa kuwa nauli na idhini haviko mikononi mwao.

Nne, daftari tayari tunalo. Tangu mwaka 2016 Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, jambo ambalo nchi nyingi zenye mali kutuzidi hazijalifanya. Majina ya wazee yamo humo, na masheha wanawajua mlango kwa mlango. Hatuoni sababu ya daftari hilo kutumika kwa fedha peke yake. Kila mzee aliyeandikwa apimwe macho mara moja kwa mwaka, na matokeo yake yaandikwe mbele ya jina lake.

Tano ni fedha. Sindano za maradhi ya kiini ni ghali na lazima zirudiwe. Hatuombi miujiza. Tunaomba ziwekwe katika hesabu za bajeti mapema, kwa idadi itakayotokana na vipimo hivyo vya kila mwaka, ili daktari anayegundua maradhi asiwe mtu wa kutoa habari mbaya tu.

Kwa watoto na wajukuu tuna neno moja. Mzee wenu akisema haoni, msimjibu kuwa ni uzee. Mpelekeni akapimwe, muulizeni daktari kuhusu retina yake, kaeni naye anapofunguliwa kitambaa, na mrudisheni katika siku zote alizopangiwa. Kazi ya daktari huchukua nusu saa au chini yake; iliyobaki ni ya jamaa na ya serikali, na hiyo ndiyo itakayoamua kama mzee huyo ataendelea kuziona sura za watu wake kwa miaka iliyomsalia.